Kutoka Bandarini hadi Bwenini

Historia ya heroini nchini mwetu huanzia pwani. Katika miaka ya 1980 ilivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaenea Dar es Salaam ile nyeupe inayoyeyuka upesi majini, sindano ikashika nafasi ya moshi. Dola ilijibu kwa sheria ya 1995, kisha ile ya 2015, adhabu ikitangulia tiba. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, baadaye ikafika Mbeya. Lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mwanafunzi aliyepanga Tukuyu, takribani kilomita 70 kutoka jijini, ataifuata kwa nauli ipi?

Tena kliniki haimfikii aliyezidisha dozi usiku. Heroini huua kwa kuzima pumzi, polepole, na wenzake hudhani anakoroma. Naloksoni huirudisha pumzi hiyo kwa dakika chache. Isipokuwepo, wa kumwahi ni mwenzake wa chumbani: ampulizie pumzi mdomoni, aite msaada, akianza kupumua, amlaze ubavu. Huyo ndiye tuliyemfundisha, kwa miongo mitatu ya sheria, kuogopa pingu kuliko jeneza. Wakuu wa vyuo wa Rungwe waandike katika kanuni za bweni: anayepiga simu ni shahidi, si mtuhumiwa.