Wigi na Nywele Zilizo Chini Yake

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuwasema wanawake wanaojipamba, na katika mapambo yote sijui kama lipo lililosemwa kuliko wigi. Nimesomesha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza shuleni, ambako nilikuwa mwalimu mkuu, na baadaye katika chuo cha ualimu. Katika miaka hiyo nimewasikia watu wakibishana mara nyingi kama wigi ni halali au haramu, ni letu au ni la wageni. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za nywele zilizo chini yake. Swali hilo dogo ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa kuwa historia ina majibu yake.

Tuanze na Misri ya kale, maana wigi si uzushi wa juzi. Wamisri walivaa mawigi maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Mwaka 1906 Mtaliano Ernesto Schiaparelli alifukua huko Deir el-Medina kaburi la fundi mkuu Kha na mkewe Merit, lililokuwa halijaguswa na wezi. Ndani yake lilikuwamo wigi la Merit katika sanduku lake. Leo vitu vya kaburi hilo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Turin, na wigi lenyewe, ingawa limepita miaka zaidi ya elfu tatu, bado lina mawimbi yake. Limetengenezwa kwa nywele za binadamu. Mafundi wa Misri walizoea kushikiza nywele kwa nta ya nyuki na utomvu wa miti.

Je, chini ya mawigi hayo kulikuwa na nini? Wengi walinyoa au walipunguza nywele zao zikawa fupi kabisa. Makuhani walinyoa mwili mzima kwa sababu ya usafi wa ibada. Nchi ilikuwa ya joto na chawa walikuwa adui wa kila siku, kwa hiyo kichwa kilichonyolewa kilikuwa chepesi kuosha, na wigi lilikinga jua na kumpa mwenyewe heshima. Hata hivyo tusidhani kuwa Mmisri hakuzijali nywele zake. Katika mafunjo ya tiba yaitwayo Ebers, yaliyoandikwa karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, imo dawa ya upara iliyochanganywa mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Mtu hatafuti mafuta ya simba kwa ajili ya kitu asichokijali.

Ulaya nayo ilipita njia hiyo hiyo, ila kwa kuchelewa. Mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa alianza kuvaa wigi katika miaka ya 1620 nywele zake zilipoanza kupukutika. Mwanawe, Louis wa 14, akalifanya kuwa vazi la kila mkubwa. Uingereza ikafuata baada ya mwaka 1660. Tunajua habari zake vizuri kwa sababu ya karani mmoja wa London, Samuel Pepys, aliyeandika shajara. Mwezi Novemba 1663 alikatwa nywele zake akaanza kuvaa wigi, na haukupita muda akalalamika kuwa wigi aliloletewa lina mayai ya chawa. Mwaka 1665, tauni ilipokuwa ikiua watu London, alijiuliza mtindo huo utakuwaje baada ya maradhi, maana nani angethubutu kununua nywele zilizokatwa pengine kwenye vichwa vya maiti? Chini ya mawigi ya Ulaya pia palikuwa na kichwa kilichonyolewa au kukatwa kwa karibu. Mtindo huo ulififia mwishoni mwa karne ya 18, Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafanya watu wauone kuwa alama ya makabaila. Uingereza nayo ikaanza mwaka 1795 kutoza kodi ya gini moja kwa mwaka kwa anayetia unga kichwani. Waliobaki nalo ni majaji na mawakili, nao wakalivusha bahari hadi kwenye mahakama za makoloni, zikiwamo za kwetu.

Hapo, ndugu msomaji, pana jambo la kuzingatia. Mmisri na Mzungu walilimaliza swali la nywele za chini kwa wembe. Kwao wigi lilikuja badala ya nywele. Mwanamke Mwafrika, wa bara hili na wa Marekani, amelileta swali jipya. Yeye anataka kuvaa wigi na wakati huo huo kuzifuga nywele zake. Anataka wigi liwe kama paa na nywele ziwe mwenye nyumba, apumzike humo na kukua mpaka siku atakapoamua kutoka nje. Ni jambo gumu kuliko lile la Mmisri, na linahitaji maarifa ambayo Mmisri hakuyahitaji.

Maarifa hayo yana historia yake. Mwaka 1867, katika kijiji cha Delta, Louisiana, alizaliwa Sarah Breedlove, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alikuwa yatima akiwa na miaka saba, akaolewa akiwa na miaka kumi na minne, akawa mjane akiwa na ishirini, akaishi kwa kufua nguo za watu. Nywele zake zilikuwa zikinyonyoka kwa ugonjwa wa ngozi ya kichwa, kama zilivyokuwa za wanawake wengi maskini wa wakati ule, ambao hawakuwa na maji ya bomba na waliosha vichwa kwa nadra. Kuanzia mwaka 1906 alijulikana kama Madam C. J. Walker, akiuza mafuta yake ya kichwa. Watu hukumbuka utajiri alioupata kabla ya kufariki mwaka 1919, lakini mimi nakumbuka zaidi funzo lake: osha kichwa mara kwa mara, tibu ngozi kwanza, nywele zitafuata. Mkulima yeyote angemwelewa.

Katika miaka ya 1960 mawigi yalianza kuwa ya bei nafuu. Nyuzi za viwandani zilizoigiza nywele zilitengenezwa kwa wingi, hasa Japani, na viwanda vya Asia ya Mashariki vikayasambaza mawigi duniani kote. Kitu kilichokuwa cha wafalme kikawa cha karani na mpiga chapa. Kikafika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Orodha ya vilivyopigwa marufuku ilikuwa na sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua ngozi, na mawigi. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, na nakumbuka jinsi tulivyobishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Hata kabla ya tarehe yenyewe kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, wakiwashusha katika mabasi na kuwachania nguo, hata polisi wakalazimika kuingilia. Magazeti yalijaa barua. Wengine waliandika kuwa wigi ni utumwa wa mawazo, kwamba Mwafrika aliyejitawala hawezi kubeba kichwani nywele za watu wengine. Wengine waliuliza mbona suti na tai hazikuitwa za kigeni, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua utamaduni wetu ni upi. Nchini Uganda Idi Amin naye alipiga marufuku mawigi katika miaka ya 1970.

Siwadharau waliokuwa na wasiwasi ule. Nchi ilikuwa changa, na mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi kuwa nywele zake ni mbaya ana haki ya kuuliza kwa nini anazifunika. Hoja hiyo ina uzito hata leo. Lakini hoja huwekwa mbele ya akili ya mtu, haiwekwi kichwani mwake kwa mkono. Tena, katika barua zote nilizosoma na mabishano yote niliyosikia wakati ule, sikuona hata mmoja aliyeuliza mwanamke huyu ana nini chini ya wigi lake. Ana nywele nzima? Anaumwa? Ana kovu?

Swali hilo lilikuja kunifikia nyumbani mwangu. Marehemu mke wangu aliugua saratani, na dawa alizopewa zikaangusha nywele zake zote katika muda wa wiki chache. Siku moja akaniambia, "Baba Neema, nipeleke Kariakoo nikanunue wigi." Nikamwambia kilemba kinampendeza. Akajibu, "Kilemba kinapendeza, lakini kila anayekiona ananiuliza hali yangu. Nataka niende sokoni nikaulizwe bei ya nyanya." Tulikwenda, akachagua wigi fupi jeusi la kawaida. Kila jioni alilivua, akakiosha kichwa chake kwa maji ya uvuguvugu, akakipaka mafuta kidogo ya nazi, kisha akalala na kitambaa laini. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na kichwa kisicho na kitu. Akasema, "Shamba halikosi mwenyewe kwa sababu halijaota." Nywele zilipoota tena zilikuwa laini kama za mtoto, na aliishi nazo miaka minne. Nilipomtazama, niliwaza wale vijana wa mwaka 1968. Mkono unaonyakua wigi la mtu haujui unachokifunua.

Sasa niseme ninayoyajua juu ya kulitunza shamba hilo, kwa kuwa mwalimu hawezi kutoa swali bila somo. Unywele hukua kutoka kwenye shina kwa kiasi cha kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ncha yake ndiyo sehemu kongwe na dhaifu kuliko zote. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini unywele wetu umejiviringa, na mafuta hayo hayafiki nchani kwa urahisi. Ndiyo sababu nywele zetu hukauka na kukatika upesi, na ndiyo sababu bibi zetu walizipaka mafuta ya nazi au ya nyonyo na kuzichana kwa chanuo lenye meno mapana, wakianzia nchani kwenda kwenye shina.

Anayevaa wigi husuka kwanza mistari. Mistari hiyo isibane. Kuna mazoea mabaya ya kusifu msusi kwa jinsi anavyovuta, na wapo wanaotoka kwa msusi wakameza dawa ya kutuliza maumivu kana kwamba wametoka kung'oa jino. Maumivu hayo ni onyo. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika juu ya wanawake wa Greenland waliopata upara kwa kufunga nywele kwa kukaza. Basi tatizo hili halichagui rangi, linafuata mvuto. Kwanza hukatika vinywele vya mapanja na vya paji la uso. Mvuto ukiondolewa mapema, huota tena. Ukiendelea kwa miaka, shina hufa, na pakishakuwa na kovu hapaoti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hakuna fundi wa kuujenga.

Mengine ni ya kawaida. Nywele zioshwe na zikauke kabisa kabla ya kufunikwa, kwa maana unyevu na joto huzaa ukungu na harufu. Mistari ifumuliwe baada ya wiki chache, isiachwe miezi. Gundi isipakwe kwenye ukingo wa nywele. Kati ya wigi na kichwa iwekwe kofia laini isiyokwaruza. Wigi livuliwe wakati wa kulala, nalo lioshwe, kwa maana jasho lake ni jasho la kichwa. Na zipatikane siku ambazo kichwa kinapata hewa bila kitu chochote juu yake.

Mambo haya si magumu, lakini hatuyafundishi. Katika shule zetu nyingi za serikali wasichana hukatwa nywele zikawa fupi, na sababu zake nazijua kwa kuwa nilizisimamia: usafi, usawa kati ya mwenye nacho na asiye nacho, na muda wa kusoma. Sababu hizo ni za kweli. Lakini msichana anahitimu Kidato cha Nne akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, anafuga nywele kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake, na hakuna aliyemwambia neno juu yake. Anazichukia kwa sababu hazijui, kisha anazifunika kwa sababu anazichukia. Kipindi kimoja cha sayansi kingetosha kumweleza unywele wake umeumbwaje na unataka nini. Baada ya hapo, akivaa wigi, atalivaa kwa hiari yake, na akilivua hatajificha.

Historia ya wigi, basi, inatufundisha kuwa sheria na makelele havijawahi kuliondoa, wala mitindo haijawahi kulidumisha. Limekuja na kwenda, likarudi tena. Nywele zimekuwapo wakati wote, zikiota sentimita moja kwa mwezi, kwa tajiri na kwa maskini. Wahenga wale wale waliotupa methali ya mkakasi walitupa na nyingine: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ila anayefungua awe mwenye nyumba, na akiingia akute pamefagiliwa.