Nduna Mkomanile: Mtawala Aliyebeba Siri ya Vita

Tunapoisimulia Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907, aghalabu hutaja mapigano: boma gani lilishambuliwa, jemadari gani aliongoza, askari wangapi walianguka. Lakini vita ile ilikuwa na upande wake wa pili, upande wa mnong'ono. Wamatumbi waliuita njwiywila, yaani habari inayopita kwa siri kutoka sikio hadi sikio. Kabla bunduki haijalia, habari hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka mito na misitu chini ya pua ya akida na askari. Katika nchi ya Wangoni, miongoni mwa waliopokea siri ile na kuifikisha panapohusika alikuwamo mwanamke mwenye cheo, Nduna Mkomanile wa Kitanda.

Ili tuielewe kazi yake, hatuna budi kwanza kukielewa cheo chake. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika hadi Ufipa. Baada ya kifo cha kiongozi huyo waligawanyika, na baadhi yao wakaja kujenga falme mbili katika nchi iitwayo leo Songea: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Juu alikaa nkosi, na chini yake manduna, ambao walikuwa wakuu wa majeshi na wasimamizi wa nchi. Utawala huo ulisimama juu ya mkuki. Mateka walikamatwa, ushuru ukatozwa, na majirani wakaishi kwa hofu. Wamatengo walikimbilia milimani. Nao watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako ndiko iliko Ngumbo, walijua maana ya kuliacha shamba lenye mavuno kwa sababu ya habari kwamba Wangoni wanakuja.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao Songea, na tangu hapo mkuki ukavunjwa. Wakuu wa Kingoni walikatazwa kufanya vita, wakapokonywa sehemu kubwa ya mamlaka yao, na watu wao wakatozwa kodi ya kibanda. Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope walibaki na majina ya ufalme, lakini amri ilitoka bomani.

Wakati huohuo, mbali upande wa pwani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akiwagawia watu dawa ya maji na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya serikali kule Nandete, na vita ikaanza. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, lakini dawa yake ilikwisha kutoka mikononi mwake. Ilichukuliwa na wajumbe walioitwa mahongo, na hongo aliyeileta Ungoni alikuwa Omari Kinjala, kutoka upande wa Wangindo.

Hapa ndipo tunapomkuta Mkomanile. Ndugu msomaji, tafakari ugumu wa jambo lenyewe. Wangoni walijiona mabingwa wa vita, na Wangindo walikuwa miongoni mwa watu waliopata kuonja mkuki wao. Je, mfalme wa Njelu angepokeaje dawa ya vita kutoka kwa watu aliozoea kuwadharau? Na mgeni asiye na mwenyeji angepitaje katika nchi yenye macho ya serikali bila kushukiwa? Palitakiwa mtu ambaye neno lake halikataliwi mlangoni mwa nkosi. Mkomanile alimpokea Kinjala na kuwa kiungo kati yake na Mputa. Hakuhitaji kushika mkuki. Silaha yake ilikuwa heshima yake. Cheo ambacho kingeweza kumwekea maisha ya utulivu, kama angekaa kimya, alikigeuza kuwa daraja la kupitishia siri ya uasi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika jambo hili ilikuwa ni yeye.

Mputa akaikubali dawa, na Ungoni ikaingia vitani. Lakini maji hayakuzuia risasi. Mwezi wa Oktoba 1905 Kapteni Nigmann alifika kutoka Iringa na kulivunja jeshi la Wangoni huko Namabengo. Waliosalia wakaingia porini na kupigana kwa kuvizia. Wajerumani nao wakageuza njaa kuwa silaha: wakachoma vijiji, wakaharibu mazao na kutwaa chakula kilichowekwa ghalani. Hesabu ya serikali yao wenyewe iliwataja Waafrika 75,000 waliokufa katika vita nzima. Wanahistoria wetu wamekadiria watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa mjini Songea. Mputa alikuwamo, na Mkomanile alikuwamo, mwanamke pekee katika orodha ya mashujaa 67 ambao taifa huwakumbuka. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Wajerumani hawakumwacha Mkomanile kwa kuwa ni mwanamke, wala kwa kuwa hakuongoza kikosi. Walitambua kwamba aliyefungua mlango ana sehemu yake katika vita sawa na aliyeingia na mkuki.

Lipo swali ambalo mwalimu hana budi kulikabili darasani, hasa darasa lililo huku Ziwa Nyasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliukataa ukabaila, na manduna walikuwa makabaila. Walipigana na Mjerumani kwa sehemu kubwa ili warudishiwe ufalme aliowanyang'anya. Je, wajukuu wa watu waliokimbia mikuki ya Wangoni wamheshimu Mkomanile? Nasema wamheshimu, lakini bila kuificha historia. Kumsifu kwa kuwafuta mateka na majirani walioumizwa na utawala wake ni kusema uongo. Na kumkataa kwa sababu ya ukoo wake ni kutoona alichokifanya. Watu huzaliwa ndani ya daraja wasilolichagua, lakini saa ya hatari hufika wakachagua wenyewe. Mkomanile alichagua kumwamini Mngindo, mtu wa kabila lililodharauliwa, na kuifunga roho yake pamoja na yake. Katika nchi ambayo makabila yake yalizoea kukutana kwa mikuki, mapatano ya namna hiyo yalikuwa jambo jipya.

Makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa Songea mwaka 1980, karibu na mahali walipozikwa mashujaa hao, na kila Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Mwanafunzi atakayefika na asilitafute jina la Mkomanile miongoni mwa majina ya wanaume. Alitafute mwanzo wa vita yenyewe, kwenye njia iliyotoka Ungindo hadi mlangoni mwa Mputa, kwa maana hapo ndipo alipofanya kazi yake.