Haki ya Kupita: Mizigo ya Wabelgiji katika Reli ya Kati

Mtu asimamaye katika kituo cha Manyoni au cha Itigi, akalitazama garimoshi likipita na mabehewa yake, aweza kudhani ya kuwa kila kipitacho juu ya reli ni mali ya mwenye reli. Sivyo. Huko Marekani garimoshi la makaa ya mawe la kampuni moja huweza kupita juu ya reli za kampuni nyingine kwa mapatano na malipo. Reli hubaki za mwenyewe, na mgeni hupewa haki ya kupita tu. Jambo lililo karibu na hilo limetokea katika nchi yetu, tena ndani ya mkoa huu wa Singida. Twataka kulisimulia leo, maana lina fundisho kubwa juu ya haki ya mgeni na haki ya mwenyeji.

Wadachi walianza kuijenga Reli ya Kati huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Kutoka Saranda ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni, kisha ikapenya vichaka vya Itigi. Kabla mwaka ule wa 1914 haujaisha, vita kuu ikaanza. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakaitwaa Kigoma, na Septemba yakaingia Tabora. Majeshi ya Waingereza yalikuja kwa upande wa mashariki, yakaishika Dodoma mwezi ule ule wa Julai. Basi reli moja ikawa na mabwana wawili.

Vita ilipokwisha ilibidi kugawana. Mwaka 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walipatana kwamba Ruanda na Urundi ziwe chini ya Wabelgiji, na nchi iliyobaki, pamoja na reli, iwe chini ya Waingereza. Lakini Wabelgiji walikuwa na shaba huko Katanga, na shaba yataka bahari. Tayari walikuwa na reli yao kutoka Kabalo mpaka Albertville, mji uitwao leo Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo meli ziliweza kuvuka mpaka Kigoma. Na kutoka Kigoma mpaka bahari, njia ilikuwa ya mtu mwingine.

Ndipo tarehe 15 Machi 1921 mkataba ukatiwa sahihi London. Mizigo ya Wabelgiji ilipewa ruhusa ya kupita kati ya Kigoma na Dar es Salaam bila kutozwa ushuru wa forodha. Tena Wabelgiji walipewa viwanja katika bandari zote mbili, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele.

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, mizigo ya mgeni iliipatia reli nauli, na garimoshi lisilo na mizigo ni hasara. Ubaya haukuwa katika kupita. Ubaya ulikuwa katika lile neno milele. Wagogo, Wanyaturu na Wakimbu, ambao nchi zao zilipitiwa au kukaribiwa na reli, hawakuulizwa. Nao Waingereza waliotia sahihi hawakuwa wenye nchi. Shirika la Mataifa lilithibitisha udhamini wao mwezi wa Julai 1922 tu, na udhamini ni amana. Aliyewekewa ng'ombe hana ruhusa ya kumpa jirani maziwa yake daima, hata baada ya mwenyewe kurudi.

Hoja hiyo ndiyo aliyoishika Julius Nyerere, nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Alisema ya kwamba mamlaka ya Uingereza yalikuwa na kikomo, basi haikuweza kutoa haki isiyo na kikomo. Tanganyika haikufungwa na mkataba ule. Lakini angalieni hekima yake. Hakuiziba njia. Alikuwa tayari kuzungumza upya na majirani juu ya mahitaji yao, kwa mapatano ya wenyeji wenyewe. Na hata leo mizigo ya Burundi na ya Kongo hupita katika nchi yetu kwenda baharini na kurudi.

Basi, wasikilizaji, tusimnyime jirani njia, maana jirani asiye na bahari hana budi kupita kwetu. Ila tujue daima ni nani anayemfungulia mlango, kwa masharti gani, na kwa muda gani. Kwaherini.