Rangi Isiyopakwa: Alumini ya Dubai na Vipuri vya Baiskeli

Tunapoitaja Dubai, wengi wetu huwaza dhahabu, magari na maduka. Ni nadra kuitaja alumini, ilhali imo katika viwanda vikubwa vya mwanzo vya mji huo. Dubai Aluminium, maarufu kwa jina la DUBAL, iliundwa mwaka 1975 na kuanza uzalishaji huko Jebel Ali mwaka 1979. Dubai haikuwa na mawe ya kutoa madini hayo. Ilikuwa na gesi ya kuzalishia umeme, na kilo moja tu ya alumini hula takriban kilowati-saa 14. (Mwaka 2019 kampuni iliyoirithi DUBAL, Emirates Global Aluminium, ilianza kusafirisha boksiti kutoka Guinea, Afrika yetu hii hii.)

Alumini ilipata kazi katika majengo. Gulf Extrusions, iliyoanzishwa Dubai mwaka 1976, hutengeneza vipande vya alumini vya fremu za madirisha na milango, na fremu hizo ndizo zilizohitaji anodaizi, kazi ambayo leo waendesha baiskeli nao huitafuta kwa vipuri vyao.

Asili yake ni bahari. Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walitafuta njia ya kukinga alumini ya ndege za majini isiliwe na chumvi. Badala ya kuipaka kitu, waliifanya ijikinge yenyewe. Mwaka 1927 Gower na O'Brien wakaja na njia ya asidi ya salfuriki, ile ile ya betri za magari, nayo ndiyo iliyoenea duniani. Kipuri husafishwa, hutumbukizwa katika asidi, kisha hupitishiwa umeme. Juu yake huota utando mgumu wa oksidi wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Rangi huingia katika vitundu hivyo, halafu maji yanayochemka huviziba. Kwa hiyo rangi haikai juu ya chuma kama ya ukutani. Imo ndani ya ngozi yake.

Hapa ndipo neno "kupaka rangi" linapotuponza. Anayeamini kwamba habu au rimu yake imepakwa rangi ataikwangua kwa msasa na kuharibu kinga yenyewe. Fundi huondoa utando wa zamani kwa kostiki soda, nayo hula alumini pia, hivyo nyuzi za skrubu zinaweza kulegea. Beringi na skrubu za chuma lazima zitolewe kwanza, la sivyo asidi itazila. Hata vipuri viwili vya alumini vikiingia pamoja, vinaweza kutoka na rangi mbili kama mchanganyiko wa madini yake si mmoja. Anayetaka zambarau ile ile mbele na nyuma na ajiandae kwa hilo.

Jua la Dubai nalo lina usemi wake. Rangi nyingi nyekundu na zambarau zinazopendwa na waendesha baiskeli ni za viumbe-kaboni, na hupauka juani. Wajenzi walilijua hilo mapema. Kahawia na nyeusi za madirisha mara nyingi hutokana na chumvi za bati zinazoingizwa kwa umeme, nazo hustahimili miaka mingi. Katika njia ya baiskeli ya Al Qudra jangwani, kilomita nyingi hazina kivuli. Kwetu sisi, kahawia ya dirisha ndiyo chaguo la busara, ingawa tunakiri haipendezi kama zambarau.

Tumebishana chamani kuhusu istilahi. Wengine wanataka "anodaizi" ibaki ilivyo. Sisi tulioandika makala hii tunapendekeza "kuotesha utando", kwa sababu utando huo huota kutoka katika alumini yenyewe. Wahadhiri wetu wa istilahi wana neno bora zaidi? Tunalisubiri kwa toleo lijalo.