Jamii za viumbe wa anga-nje katika televisheni

Jamii za viumbe wa anga-nje katika televisheni ni jamii za kubuni zinazosimuliwa kuwa zinatoka katika sayari nyingine. Hupatikana katika bunilizi ya kisayansi. Kila mfululizo una ulimwengu wake wenye historia na jamii zake, lakini jamii hizo zinaweza kulinganishwa kwa umbo, kwa lugha na hasa kwa uhusiano wao na binadamu.

Mifululizo inayojulikana sana ni Doctor Who ya Uingereza (tangu 1963), Star Trek ya Marekani (tangu 1966), Babylon 5 ya Marekani (1993–1998) na Stargate SG-1 ya Marekani na Kanada (1997–2007).

Umbo na asili

Viumbe wengi wa televisheni hufanana na binadamu. Sababu kubwa ni gharama: huigizwa na watu, na ni rahisi kubadilisha masikio au paji la uso kuliko kutengeneza mwili mzima. Katika Star Trek, Spock, aliyeigizwa na Leonard Nimoy, ni Mvulcan kwa baba na binadamu kwa mama. Hutambulika kwa masikio yaliyochongoka. Waklingon walipoonekana mara ya kwanza mwaka 1967 walikaribia kufanana na watu; matuta ya paji la uso yalianza katika filamu ya mwaka 1979. Mwaka 1993 mfululizo ulitoa maelezo ndani ya hadithi yenyewe: jamii moja ya kale ilisambaza mbegu za uhai wake katika sayari nyingi, hivyo jamii nyingi ni ndugu.

Doctor Who ina viumbe walio mbali zaidi na umbo la mtu. Wadalek, waliobuniwa na mwandishi Terry Nation na kuchorwa umbo lao na Raymond Cusick, hawana uso wala miguu. Kiumbe mwenyewe hukaa ndani ya gamba la chuma. Katika Stargate SG-1, Wagoa'uld ni vimelea wenye umbo la nyoka. Humwingia binadamu mwilini, humtawala, kisha hujifanya miungu, kama vile Ra na Apophis wa Misri ya Kale.

Lugha

Katika Star Trek mawasiliano hufanywa kwa mtambo wa kutafsiri. Katika Doctor Who, TARDIS, chombo anachosafiria mhusika mkuu, hutafsiri lugha akilini mwa abiria wake. Katika Stargate SG-1 wakazi wengi wa sayari nyingine husema Kiingereza bila maelezo yoyote.

Kiklingon kilitungiwa sarufi na msamiati na mwanaisimu Marc Okrand, na kamusi yake ilitolewa mwaka 1985. Kiswahili nacho kimesikika: katika sehemu ya kwanza ya Star Trek kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayejigeuza sura anamwendea Luteni Uhura kwa umbo la mwanamume Mwafrika na kumsemesha kwa Kiswahili. Jina la Uhura lenyewe limetokana na neno "uhuru".

Adui au jirani

Tofauti kubwa kati ya malimwengu haya ni kama amani na wageni inawezekana. Wadalek huamini kwamba asiye Dalek hastahili kuishi. Nation aliwabuni kwa mfano wa Wanazi. Kwao hakuna mapatano, kwa hiyo hadithi huuliza tu namna ya kuwashinda.

Katika Star Trek adui anaweza kugeuka jirani. Waklingon wa miaka ya 1960 huelezwa mara nyingi kuwa mfano wa Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi. Kuanzia mwaka 1987 Mklingon Worf alikuwa afisa katika chombo cha Enterprise, na filamu ya mwaka 1991, mwaka ambao Umoja wa Kisovyeti ulivunjika, ilisimulia mwanzo wa amani kati ya pande hizo mbili.

Babylon 5 huonyesha jinsi aliyeonewa anavyoweza kuonea. Wacentauri waliwahi kuwatawala Wanarn. Wanarn walipojikomboa, nao walishambulia koloni la Wacentauri; baadaye Wacentauri waliivamia tena sayari yao. Mabalozi wa pande hizo, G'Kar na Londo Mollari, wanaanza kwa chuki na kuishia kuheshimiana. Katika Stargate SG-1 suala kuu ni utumwa: Teal'c, askari wa jamii ya Wajaffa, anamwasi bwana wake Apophis na kupigania ukombozi wa watu wake.

Ukosoaji

Lawama ya kawaida ni kwamba jamii nzima hupewa tabia moja: Wavulcan hufuata mantiki, Waklingon hupenda vita, Waferengi hupenda fedha. Binadamu peke yao huonyeshwa wakiwa na tabia nyingi. Mifululizo ya baadaye ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo. Katika Star Trek: Deep Space Nine (1993–1999), Mferengi Rom anaanzisha chama cha wafanyakazi katika baa ya ndugu yake Quark na kuongoza mgomo, ingawa sheria za jamii yake zinakataza vyama hivyo.