Uwezo wa Angani Haukuzaliwa 1978

Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sababu aliileta Amin mwenyewe alipoivamia Kagera, na nia ilikuwa ya Watanzania wote. Uwezo, hasa wa angani, ulichukua miaka kuujenga. Hata hivyo simulizi nyingi za vita vile huanza na ndege vita za Kichina, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Dai hilo si kweli, na limewafuta watu wanaostahili kutajwa.

Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yanajulikana: Tanganyika Rifles ikavunjwa, na Septemba Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa. Kisichosemwa sana ni kwamba jeshi la anga lilikuwa lilelewe na Ujerumani Magharibi. Mwanzoni mwa 1965 serikali ya Bonn iliwaondoa wakufunzi wake, ikipinga Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Nyerere akawaambia waondoe na misaada yao mingine. Alilinda heshima ya nchi, lakini jeshi changa likabaki bila mwalimu wa urubani.

Kanada ndiyo iliyoziba pengo. Kuanzia 1965 hadi 1970 wakufunzi wake waliwafundisha marubani na mafundi wa Kitanzania, kwa ndege za uchukuzi: Otter ya injini moja na Caribou ya injini mbili. Caribou inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mkia wake umeinuka ili mlango wa nyuma ushuke mpaka chini na gari dogo liingie lenyewe tumboni. Hubeba askari wapatao 30, na hutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Kwa nchi ambayo barabara zake zilikatika kila masika, huku ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, Wareno wakipigana na wapigania uhuru wa FRELIMO, ndege hiyo haikukosa kazi.

Wapo wanaosema Wakanada walitunyima meno makusudi, kwa kuwa nchi yao na Ureno zilikuwa pamoja katika NATO. Shaka hiyo inaeleweka, lakini haielezi jinsi jeshi la anga linavyokua. Rubani hatoki darasani akapanda ndege vita. Lazima kwanza aruke saa nyingi, na kila saa anayokuwa angani inamtegemea fundi wa injini, fundi wa redio, mtunza vipuri na mwongoza ndege. Mazoea hayo yalianzia kwenye Otter na Caribou. Kuyabeza kwa sababu hayakuangusha bomu ni kuhesabu ndege na kuwasahau watu.

Wachina walileta kilichokosekana: ndege vita za jamii ya MiG zilizoundwa kwao, mafunzo nchini China, na kambi ya Ngerengere mkoani Morogoro. Mchango huo ni mkubwa na umeandikwa vya kutosha.

Ng'ambo ya mpaka, Amin aliwafukuza mwaka 1972 Waisraeli waliokuwa wakiwafundisha marubani wake, akaegemea MiG za Kisovieti. Julai 1976 makomando wa Israeli wakaziteketeza kadhaa zikiwa zimeegeshwa Entebbe.

Vita vilipima yote haya. Makombora ya kurushwa begani na mizinga ya JWTZ iliziangusha ndege za Amin zilizoishambulia Kagera. Lakini mapema Novemba ndege tatu za Tanzania ziliangushwa Musoma na mizinga yetu wenyewe, iliyodhani ni za adui. Ndege tulikuwa nazo, mizinga tulikuwa nayo. Mawasiliano kati ya rubani na mpiga mzinga ndiyo yalikuwa hayajakomaa. Msiba huo hutajwa kwa kunong'ona, ilhali unapaswa kufundishwa.

Machi 1979 Libya, ikimsaidia Amin, ilituma Tu-22, ndege yenye kasi kuliko sauti, kuipiga Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha, yakaua wanyama wa hifadhi. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilishambulia ndani ya Uganda.

Kwa hiyo atakayeandika historia kamili ya jeshi letu la anga na aanzie 1965, kwenye karakana na madarasa ya urubani. Na awahoji mafundi wa enzi hizo wangali hai, kwa kuwa wao ndio waliofanya dai la uwezo liweze kutamkwa.