Sotoka, Moto na Ndege wa Migunga

Apalisi wa Karamoja ni ndege mdogo mwenye mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, baka jeupe bawani na mkia mrefu wenye manyoya meupe pembeni. Hutembea wawili wawili au kwa kikundi kidogo, wakipekua majani kutafuta viwavi na wadudu wengine. Jamaa zake wengi wamezoea ukungu wa misitu ya milimani. Uluguru na Udzungwa zina apalisi wao wasioonekana bondeni. Huyu wa Karamoja amekuwa tofauti na ukoo wake. Makazi yake Tanzania ni mbuga za udongo mweusi za Wembere na Serengeti, penye migunga mifupi ya miiba mirefu.

Sayansi ilimpa jina mwaka 1921, pale V.G.L. van Someren, daktari wa Nairobi aliyekusanya ndege kwa maelfu, alipomweleza kutokana na ndege wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wale wa Tanzania walitambuliwa kuwa nasaba ya peke yao mwaka 1985 tu, katika maelezo ya Simon Stuart na Nigel Collar. Huko kuchelewa hakushangazi. Wageni wa Serengeti walikuja kutazama simba, na ndege wa kijivu ndani ya miiba hana wa kumsubiri.

Mti anaoutegemea nao si wa kuvutia. Kwenye matawi ya mgunga huu huota vifundo vyeusi, vitupu ndani, ambavyo sisimizi huvitoboa na kuvifanya nyumba. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi. Twiga akigusa tawi, sisimizi humiminika kumuuma. Kinga hiyo haifui dafu mbele ya moto. Mgunga mchanga ukiungua hufa juu ukachipua tena shinani, na ukiunguzwa kila mwaka hubaki kichaka cha magotini, usifikie kuwa mti.

Kwa hiyo historia ya ndege huyu ni historia ya moto, na historia ya moto huanzia kwenye ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafyeka mifugo, nyati na nyumbu. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita nchi hizo mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa njaa. Upande wa magharibi wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme nao walipigwa na njaa na maradhi, na makazi mengi yakahamwa. Palipokosa watu na ng'ombe, vichaka vilisonga mbele, na mbung'o wakaja navyo.

Karne ya ishirini ilipoendelea, watu walirejea na moto ukarejea pamoja nao. Wafugaji walichoma nyasi ili zichipue upya na kufukuza mbung'o, wawindaji walichoma kuita wanyama, warina asali walitumia moshi wa moto. Sotoka ilikuwa bado ikiua ndama wa nyumbu kila mwaka, hivyo nyasi zilibaki ndefu bila wa kuzila, na kiangazi kilipofika ziliwaka vibaya. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilichorwa upya na hifadhi ikapanuliwa kaskazini hadi mpaka wa Kenya, na baadaye eneo la Lamai, ng'ambo ya mto Mara, liliongezwa, likawaondolea Wakurya wa Tarime malisho na mawindo. Kuchora mipaka hakukuzima moto. Tembo nao waliingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1950, wakaangusha miti mikubwa ambayo miche iliyounguzwa haikuweza kuirithi.

Mabadiliko yalitoka zizini. Chanjo ya ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka hifadhi iliiondoa sotoka hata kwa nyumbu, na kufikia 1963 ilikuwa imetoweka kwao. Idadi yao ilipanda kutoka takribani 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zingewaka. Moto ulipungua, tembo nao walipunguzwa sana na ujangili katika miaka ya 1970 na 1980, na miti michanga ikapata nafasi ya kupita kimo cha ndimi za moto.

Nje ya mipaka ya hifadhi mambo ni mengine. Mgunga hukatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa kufungua shamba, na hilo ndilo tishio kubwa kwa ndege huyu, ambaye Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) limemweka katika kundi la walio hatarini. Mti huo huchipua tena shinani baada ya kukatwa, mradi udongo usilimwe. Likishapita jembe, hakuna chipukizi, na apalisi hana mahali pa kuhamia isipokuwa mbuga nyingine ya migunga.